Mdogo Haombi Sare

Hedimasta wetu hakuwahi kushindwa katika chesi. Alituambia hivyo yeye mwenyewe, na kwa kuwa alilirudia jambo hilo mara nyingi kuliko habari ya mishahara, tulilizoea. Ukweli ni kwamba alifungwa kama watu wengine wanavyofungwa, ila alikuwa na njia zake za kukataa kuita kitu kwa jina lake. Akifungwa mapema, ule haukuwa mchezo, alikuwa anapasha mikono moto. Akifungwa katikati, alikuwa na mafua. Akifungwa mwishoni, basi kuna mtu alikuwa ameacha mlango wazi na baridi ya mlima ikaingia ikamvuruga. Nilimwona siku moja akifungwa na dresa wa hospitali, mfunga vidonda, kijana mpole, kisha akamshika mkono akampongeza kwa kujitahidi, na yule kijana akaenda zake akidhani ameshindwa.

Nilifundisha chini yake miaka mingi katika shule moja ya Tetu, enzi zile za mwanzo za Uhuru ambapo mwalimu alikuwa bado mtu wa kuvuliwa kofia njiani. Jumamosi alasiri tuliteremka hadi Nyeri mjini, kwenye holi ya kijamii iliyokuwa nyuma ya soko. Mle ndani palikuwa na meza chache, jiko la makaa, birika la chai, na wanaume wazima waliokuwa wamewakimbia wake zao. Walikuwa makarani, walimu, yule dresa, na fundi mmoja wa cherehani kutoka mtaa wa Majengo. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Jambo hilo lilimsumbua kila mtu isipokuwa mimi, maana mimi nilikuja kucheza, na birika lile nilikataa kulishika tangu siku ya kwanza.

Hedimasta alifundishwa chesi na padri mmoja Mwitaliano alipokuwa chuo cha ualimu. Kwa padri yule alipata vitu viwili: kuinua nyusi badala ya kujibu swali, na mapenzi ya ajabu kwa mwisho mmoja tu wa mchezo. Nieleze kidogo kwa asiyecheza. Vikishaliwa vyote, askari, maaskofu na malkia wenyewe, hutokea mmoja akabaki na mfalme na ngome, na mwenzake akabaki na mfalme na farasi. Ngome huenda moja kwa moja, mbele au pembeni, hadi inapotaka. Farasi huruka hatua fupi za kupinda. Ukiangalia utaona ngome ndiyo yenye nguvu, na kweli inazo, lakini farasi akikaa karibu na mfalme wake, ngome haimwezi. Itazunguka tu. Kwingine wachezaji wakifika hapo hupeana mikono, wakasema sare, wakaenda kula.

Hedimasta hakwenda kula. Kwake yeye hapo ndipo mchezo ulipoanzia. Yote ya kabla yake aliyaona usumbufu wa njiani. Angetoa malkia wake kwa malkia wako bila kupepesa macho, akala askari wako, akakuachia wake, akasafisha ubao kama mtu anayefyeka shamba apate mahali pa kuketi, mradi yeye abaki na ngome na wewe ubaki na farasi. Halafu angevua koti, akalitundika nyuma ya kiti, akasema, "Sasa tucheze. Mimi siko na haraka."

Na kweli hakuwa nayo. Aliisogeza ngome huku, akairudisha kule, akaileta tena huku, akanywa chai, akairudisha. Alikuwa akingoja jambo moja, uchoke. Mtu akichoka, farasi wake hupotea. Huruka mara moja bila kuangalia, akajikuta kwenye kona mbali na mfalme, na ngome ikamkatia njia ya kurudi. "Farasi ameachana na mwenyewe," Hedimasta angesema kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. "Amekwisha."

Utauliza kwa nini watu hawakumwambia tu kwamba ni sare wakaondoka. Sababu ni sheria yake. Ukutani mwa holi palikuwa na sheria zilizobandikwa, za kutotema mate na kutoleta pombe, na hizo hakuna aliyezifuata. Ile ambayo haikubandikwa popote ndiyo tuliyoifuata sote: mdogo haombi sare. Aliyekuwa mkubwa kwa umri ndiye aliyeweza kusema, "Haya, tuachie hapo," na mdogo akashukuru. Mdogo akitangulia kusema, amekosa adabu, ni kama amemwambia baba yake kwamba amekula vya kutosha. Na usicheke, hata mimi niliona ina maana. Kwetu mtoto hamwambii mzee kwamba mazungumzo yamekwisha. Hedimasta aliichukua adabu hiyo tuliyolelewa nayo, akaifanya silaha ya mezani. Makarani waliozijua sheria za serikali kwa moyo waliketi pale macho yakiwauma, wakisogeza farasi, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumkosea mzee heshima.

Ukubwa wenyewe ulipimwa kwa rika. Wanaume waliotahiriwa msimu mmoja ni rika moja, na rika hupewa jina la jambo lililotokea wakati huo. Lake lilikuwa rika la nzige. Mgeni akiingia holini, kabla hajakaribishwa chai, Hedimasta humwuliza rika lake, akafikiri kidogo, akatabasamu. Sijui ilikuwa ni bahati gani, lakini kila aliyekuja alionekana kuwa mdogo wake.

Mimi nilimpa shida. Sikuwa na mahali kwenye ngazi ile ya wanaume, si juu yake si chini yake. Mara ya kwanza tulipofika kwenye ngome na farasi nilimwambia waziwazi, "Mwalimu, hii ni sare." Alifikiri muda mrefu kuliko alivyowahi kufikiria hatua yoyote.

"Wewe unaweza kuomba," akasema mwishowe. "Hakuna sheria inakukataza. Na mimi hakuna sheria inanilazimisha kusikia."

Akasogeza ngome. Niliondoka nikaenda sokoni kununua viazi, na niliporudi nilimkuta ameketi vilevile, akingoja zamu yangu. Basi nikacheza nimesimama, kikapu mkononi, na farasi wangu sikumwacha atoke miguuni pa mfalme hata kidogo. Subira sina, lakini ukaidi ninao. Mtunza holi alikuja kufunga milango tukiwa bado tunazunguka. Kwa maneno ya Hedimasta, mchezo ule haujamalizika hadi leo.

Karani mmoja wa mahakama alijaribu njia nyingine. Alikuwa amesoma mahali kwamba zikipita hatua hamsini bila kitu kuliwa, mchezo umekwisha wenyewe, ni sare bila mtu kuomba. Alituletea habari hiyo kwa furaha ya mtu aliyeleta mvua.

"Hiyo hamsini ilipangwa na mtu alikuwa anataka kwenda nyumbani," Hedimasta akasema.

Karani hakukata tamaa. Akaanza kuhesabu hatua kwa sauti, moja, mbili, tatu. Hedimasta akaweka kikombe chini. "Unahesabu nini? Hapa tunahesabu mbuzi?" Kwetu wazee hawapendi watu na mifugo kuhesabiwa kwa sauti, husema kwamba kunaleta mkosi, na yule karani, msomi wa suti na tai, akanyamaza palepale. Huyu Hedimasta alikuwa mzee wa kanisa. Kila Jumapili alisimama mbele yetu akakemea mambo ya mikosi na uchawi, na kila Jumatatu asubuhi aliwahesabu wanafunzi mstarini kwa ncha ya fimbo, mmoja mmoja, kwa sauti kubwa. Nilimkumbusha hayo. Akainua nyusi.

Watu wa Kerugoya walitutembelea mara moja kwa mashindano. Walikuja kwa lori la chama cha kahawa, watu wa heshima, wamechana nywele. Kufikia jioni meza zote zilikuwa zimemalizana isipokuwa ya Hedimasta, aliyekuwa na ngome, na mwalimu kijana wa Kerugoya aliyekuwa na farasi. Mawingu yalikuwa yameshuka, na barabara ya kurudi kwao mvua ikinyesha ilikuwa tope tupu. Dereva akaanza kupiga honi. Mkubwa wao akamwinamia Hedimasta akasema kwa upole, "Mzee, tunaomba tu hii tuiache, hawa watu wako na safari."

"Si wewe unacheza," Hedimasta akamjibu.

Honi ikalia tena. Yule kijana akageuza shingo kutazama dirishani, akarudi, akashika farasi, akaruka naye vibaya. Ngome ikamla. Hedimasta akavaa koti akatangaza kwamba Nyeri imeshinda, na watu wa Kerugoya walitushika mikono kama watu wanaotoka kuzika. Mwaka uliofuata walituma habari kwamba wangependa sana kuja tena ikiwa yule mzee wa ngome atapumzishwa. Hedimasta aliichukua habari hiyo kama nishani.

Shule yake aliiendesha kwa mtindo uleule. Aliamini kwamba kila mtu mwenye nguvu ana mwingine anayemlinda, na kwamba kazi ya kiongozi ni kuwatenganisha. Walimu wawili wakizoeana sana, mmoja angejikuta anafundisha darasa la mwisho wa uwanja karibu na vyoo. Siku moja alikuja mkaguzi wa elimu, bwana mnene asiyejua kitu, pamoja na msaidizi mwembamba aliyejua kila kitu. Hedimasta aliwapokea kwa chai, kisha akamwambia msaidizi kwamba kuna kisima kipya upande wa chini ambacho lazima akione, akampa mlinzi amwongoze, na mlinzi alikuwa ameambiwa apitie njia ndefu. Mkaguzi akabaki peke yake na kuku wa kuchemsha. Msaidizi aliporudi na umande hadi magotini, shule yetu ilikuwa imeshasifiwa na mkaguzi yumo kwenye gari. "Umeona farasi?" Hedimasta akaninong'oneza. Nilikuwa nimeona.

Lakini sitamfanya mbaya zaidi ya alivyokuwa. Subira ile iliyotukera Jumamosi ilikuwa na kazi nyingine siku za shule. Watoto walioshindikana kwa kila mwalimu, wa kufika darasa la nne hawajui herufi, aliwachukua yeye. Aliketi nao mmoja mmoja kwenye ngazi ya ofisi, kitabu magotini, asiwachape wala kuwafokea, akirudia silabi ileile kwa sauti ileile, hadi mtoto akachoka kutojua. Sikuwahi kumwona akishindwa pale. Na hayo ndiyo hakujisifia.

Nyumbani kwake hakuogopwa hata kidogo. Mama, maana hivyo ndivyo tulivyomwita mkewe, alikuwa mtu wa ng'ombe na majani chai, na ule mchezo aliuita "vile vijiti vyako". Likizo moja ngome ya kete zake, zile alizozibeba holini kila Jumamosi, ilipotea. Hedimasta alipekua nyumba nzima, akawahoji watoto wake kama polisi, akashuku hata wivu wa majirani. Ngome ilipatikana siku ya nne imeziba chupa ya maziwa ya ndama, maana kizibo kilikuwa kimeliwa na panya na Mama aliona ile inatosha. Tangu hapo ilinuka maziwa yaliyochacha, na kila ilipokukaribia mezani ulijua inakuja.

Sasa nifike kwa Fundi, maana bila yeye Hedimasta angekuwa kichekesho tu.

Fundi alikuwa Mwislamu wa Majengo, wa zile familia ambazo babu zao walikuja na misafara wakaoa huku wakabaki. Kiswahili chake kilitufanya sisi wa Tetu tuone haya ya kufungua midomo. Alishona sare za shule yetu, magauni yangu, na suruali za Hedimasta, ambaye alikuwa na umbo gumu, bega moja juu, nyonga moja chini, na ni Fundi peke yake aliyejua kumnyoosha. Na holini ni yeye peke yake ambaye hakuchoka. Farasi wake alimtunza kama yai. Walipofika kwenye ngome na farasi, saa ya sala ikifika Fundi angesema, "Nipe dakika, Mwalimu," akaenda kusali, akarudi, akamkuta Hedimasta ameshakunywa chai na moyo umempoa, na Hedimasta angesema mwenyewe, "Haya, tuachie hapo." Miaka mingi ilikuwa hivyo. Hakuna aliyewahi kuuliza nani kati yao ni mkubwa. Walikuwa marafiki. Hedimasta alikuwa na walimu chini yake, waumini mbele yake na watoto nyuma yake, lakini rafiki alikuwa huyo mmoja.

Ilikuja Jumamosi moja ya mwezi wa Ramadhani. Fundi alikuwa amefunga, midomo imemkauka. Walifika kwenye ngome na farasi jua likiwa linazama. Fundi alitazama dirishani, akatazama ubao, akasema, "Mwalimu, leo tuseme sare. Magharibi hiyo, watoto wananingoja tufuturu."

Ningependa kusema kwamba Hedimasta hakufikiri. Nadhani alifikiri. Watu walikuwa wamesimama kuzunguka meza, makarani wote, na yule dresa, na kila mmoja wao aliwahi kunyimwa neno lile.

"Mdogo haombi sare," akasema.

"Mdogo nani?" Fundi akauliza, na alikuwa bado anatabasamu. "Mimi nilikupima kaptura yako ya kwanza ya shule. Umeletwa na mjomba wako, unalia, unauogopa mkasi."

Holi ikacheka. Ilicheka sana, kicheko cha watu waliokuwa wamekiweka miaka. Hedimasta aliwatazama mmoja mmoja hadi wakanyamaza. Kisha akamgeukia Fundi.

"Sawa. Rika yako ni gani?"

"Unajua sisi hatuna hayo."

"Ulitahiri mwaka gani?"

"Nilitahiriwa nikiwa mchanga, kama desturi yetu. Unajua, Mwalimu."

"Basi hukusimama mahali watu walisimama. Mtu hana rika," Hedimasta akasema polepole, "hapa kwetu tunamwita nani?"

Neno analoitwa tulilijua sote. Ni neno la kijana asiyetahiriwa, asiyehesabika kati ya watu, na mtu mzima hupigana akiambiwa hilo. Hedimasta hakulitamka. Alituachia sisi tulitamke mioyoni, na karani mmoja akacheka kupitia puani. Fundi aliinuka, akavaa kofia yake, akainyoosha vizuri kichwani. "Nimekusikia, Mwalimu," akasema, akatoka. Nje mwadhini alikuwa ameanza.

Hedimasta akautazama ubao. "Ni zamu yake," akatuambia.

Nilimchukia siku ile, na nasema hivyo bila kupunguza. Nilimwambia pia, njiani tukipanda Tetu, kwamba kwa ajili ya mti ulionuka maziwa amemtukana mtu aliyefunga. Hata nyusi hakuinua.

Fundi hakukanyaga holini tena. Wengine nao walipungua, kwanza wale waliocheka, kisha wale ambao hawakucheka, hadi ikawa Jumamosi nyingine Hedimasta ameketi peke yake na birika. Suruali zake alizipeleka kwa fundi wa Karatina aliyemshonea kana kwamba alipimwa kwa kusimuliwa. Mguu mmoja ulifagia njia na mwingine ulionyesha soksi. Alisoma Neno kanisani akiwa hivyo, na Mama, aliyeketi mbele, alitazama sakafu.

"Nenda kwa Fundi, umwambie neno moja tu," Mama alikuwa akimwambia hata mbele yangu.

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Ni zamu yake."

Jibu lilikuwa hilo, mwaka baada ya mwaka. Kila kitu aliweza kukingojea kikachoka, na nadhani alitegemea kwamba hata kosa litachoka. Nilimkuta mara nyingi ofisini, mlango umefungwa nusu, ameupanga mchezo ule kama ulivyoachwa, anacheza pande zote mbili. Anasogeza ngome, anazunguka meza, anaketi kiti cha pili, anamsogeza farasi. Sikuona hata siku moja ngome ikishinda. Upande wa Fundi aliucheza kwa haki kabisa.

Tulistaafu, yeye kwanza, mimi baadaye. Siku moja nilikwenda Majengo kuchukua gauni, wakati huo cherehani ikiwa imeshikwa na mwanawe Fundi. Fundi mwenyewe alikuwa chumba cha mbele, ameegemezwa kwa mito, kifua kikimpiga miluzi. Mkewe alinivuta ukumbini. "Mwalimu, mzee hana siku nyingi. Huyo rafiki yake anangoja nini?"

Fundi alikuwa ametusikia. Aliniita. "Usimwambie naumwa, binti yangu. Mwambie nimeshafikiri, nacheza zamu yangu."

Nilipanda Tetu siku ileile. Nilimkuta Hedimasta anamnywesha ndama, nikampa ujumbe kama nilivyopewa, kisha nikaongeza nilichokatazwa, kwamba anaumwa na hatapona. Aliendelea kushika ndoo hadi ndama akamaliza. Akaingia ndani, akatoka amevaa koti na kubeba sanduku la kete kwapani. Mama alimsindikiza hadi langoni.

"Utasema?" akamwuliza.

Hakuuliza ni neno gani.

Tulifika Majengo saa saba mchana, mlango uko wazi barabarani. Hedimasta alisimama kizingitini na hakuingia. Alisimama pale, kofia mkononi, hadi Fundi alipomwambia, "Karibu, keti." Mimi nilikuwa sijawahi kumwona akingoja kukaribishwa popote. Fundi akaitazama suruali ya Hedimasta kutoka juu hadi chini, akafumba macho kama mtu aliyechomwa sindano.

Walipanga kete bila kubishana. Kila mmoja alijua mahali pa mfalme wake, na wa mwenzake pia. Fundi akamsogeza farasi. Hedimasta akasogeza ngome. Hawakuulizana hali. Walicheza vile kwa muda, hadi kikohozi kikamshika Fundi, kikamtikisa mzima, na kabla hakijampita akamwinua farasi akamweka vibaya, mbali, pembeni kabisa.

Niliona mimi. Fundi mwenyewe aliona mara tu alipoachia kidole, lakini hakuomba kurudisha. Na Hedimasta aliona kabla yetu sote, maana mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye ngome ukasimama hapo. Hatua moja tu, farasi hangerudi tena. Mchezo ambao hakuweza kuushinda miaka yote ile, hata akicheza na nafsi yake, ulikuwa umeletwa mikononi mwake na kikohozi. Mkewe Fundi, asiyejua chesi, alimtazama usoni akaacha kumimina chai.

Aliisogeza ngome hadi mwisho wa ubao, mahali ambapo haikuwa na kazi yoyote, akaiacha huko.

Fundi akamrudisha farasi kwa mfalme wake. Niliona Hedimasta akifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Nilijua kilichomkwama. Akisema yeye, "Tuachie hapo," atakuwa amesema kama mkubwa, amerudia tusi lilelile ndani ya nyumba ya mgonjwa. Akiomba, atakuwa mdogo, na mdogo haombi. Na Fundi, aliyewahi kuomba akaambiwa alivyoambiwa, hangeomba tena hata kwa dawa. Walikaa hivyo wazee wawili, sheria ya mmoja wao imewafungia wote.

Ndipo Hedimasta alipoishika ngome yake, akaivuta ubao mzima, akamla farasi. Akamla palepale ubavuni pa mfalme, ambapo hata mtoto aliyejifunza jana asingethubutu, maana mfalme anayemlinda ataila ngome bila shida.

Fundi alitazama ubao kwa muda mrefu. Akamtazama Hedimasta. Kisha akamsogeza mfalme wake, akaila ngome, akaiweka pembeni taratibu. Ubaoni wakabaki wafalme wawili peke yao, na wafalme wawili hawawezi kufanyiana chochote.

"Na hapa," Fundi akauliza, "nani ameomba?"

"Hakuna mtu ameomba," Hedimasta akasema. "Imeisha yenyewe."

Fundi alicheka hadi kikohozi kikamrudia, na akiwa katikati ya kikohozi akaunyoosha mkono wake, Hedimasta akaushika kwa mikono yake miwili na hakuuachia hadi kikohozi kilipopita. Chai ikamiminwa. Wakaanza kusemana juu ya bei ya vitambaa na watoto wa siku hizi, kana kwamba walikuwa wameachana jana.

Tulipotoka, Hedimasta alitembea hadi mwisho wa Majengo. Pale akasimama, akavaa kofia yake.

"Sikuona mfalme yake," akaniambia. "Hapo ndani hakuna mwanga. Kungekuwa na mwanga ningeshinda."

Jua la mchana lilikuwa limeingia kwa mlango ule likaujaza ubao wote. Nikamwambia ni kweli, Mwalimu, mle ndani kulikuwa na giza sana.